Linki za Karakana ya Cherehani

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kikao halali cha familia, kwamba karakana ya cherehani imeingia zama mpya na sasa ulimwengu mzima utaijua. Kikao kilikuwa na wajumbe wawili. Mmoja alikuwa chini ya meza akitafuta skrubu.

Aliyetangaza ni binti wa nyumba hiyo, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nyumbani walimwita Mheshimiwa, kwa sababu hata chumvi aliiomba kama anayehutubia bunge. Aliyekuwa chini ya meza ni mama yake, Fundi.

"Tovuti yetu imepata linki, mama. Mamia."

"Linki ndiyo nini?" sauti iliuliza kutoka chini.

Mheshimiwa alifafanua kwa kituo. Linki ni maneno kwenye tovuti ya mtu mwingine. Mtu akiyabonyeza, yanamleta kwenye tovuti yako. Zikiwa nyingi, mtu akitafuta fundi cherehani mtandaoni, wewe unatokea juu.

"Haya, ukitokea juu uniambie," alisema Fundi. "Kwa sasa nishikie tochi."

Hakuwa na hamu ya mabishano. Kazi zilikuwa zimekauka. Alikuwa ameshamwambia mwenye nyumba kwamba hali ikiendelea hivyo, mwisho wa mwaka atarudisha funguo na kwenda kuajiriwa kwenye kiwanda cha mashati. Na karakana hiyo, ingawa ya kupanga, ilianzishwa na baba yake.

Utotoni Fundi alikuwa akikaa kwenye kreti mle ndani, akipanga bobini, vile vigurudumu vya uzi, kwa ukubwa. Mikanda ya ngozi ilining'inia ukutani. Harufu ya oili ya mashine ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Mteja akiingia, baba hakugusa cherehani yake kabla ya kuuliza, "Nani kakuelekeza hapa?" Mteja akimtaja mwalimu wa ushonaji, baba alitikisa kichwa kwa heshima, na siku mwalimu mwenyewe akipita, cherehani yake ilitiwa oili bure. Mteja akimtaja yule bwana wa kijiweni aliyemsifu kila mtu, baba alicheka tu. Alisema sifa za yule bwana hata paka wa jirani anazo.

Siku hizi watu walipita mlangoni wakitazama simu zao, na simu haikuwaonyesha mlango.

Wiki zilikatika. Tovuti haikupanda. Ilishuka. Zamani ilionekana chini ya ukurasa wa kwanza. Sasa ungeitafuta mpaka kidole kiote sugu.

Kisha simu ya Fundi ililia. Aliyepiga alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na baridi. Mumewe, mwalimu mstaafu, alikuwa amefariki. Chini ya tangazo la msiba kwenye tovuti ya chama cha walimu, mtu alikuwa ameandika: "Poleni sana. Je, cherehani yako nayo imenyamaza? Tuone sisi." Na linki ikafuata.

Fundi alisimama. Aliomba radhi akiwa amesimama, kana kwamba yule mama anamwona. Alipomaliza, alimwita Mheshimiwa kwa jina lake la kuzaliwa. Hiyo haikuwa dalili njema.

Mheshimiwa alieleza yote. Linki nyingi alizinunua mtandaoni kwa mtu asiyemjua, kwa hela zake za matumizi. Nyingine alizibandika mwenyewe popote palipokuwa na nafasi ya maoni: kwenye tovuti za kamari za mpira, za dawa za upara, za wauza mbwa. Ile ya msiba alidhani inachekesha.

"Mume wa mtu amekufa," alisema Fundi taratibu. "Babu yako angekuwa hai, ningemwambia nini?"

Mheshimiwa aliingia chini ya meza, akaanza kutafuta skrubu bila kuombwa.

Jioni walimwendea Shemeji, mume wa dada yake Fundi. Aliishi nyumba ya pili, na kazi yake ilikuwa kutunza tovuti ya gazeti. Alizikagua linki zile, akacheka mpaka akavua miwani.

"Karakana yenu inapendekezwa sana na dawa ya upara," alisema. Kisha akawa makini. "Mtambo wa kutafutia mtandaoni hauhesabu linki tu, shemeji. Unaangalia anayekuelekezea watu ni nani, na kama shughuli yake inahusiana na yako. Linki moja ya chuo cha ushonaji inazishinda hizi zote. Na hizi za kununua, mtambo ukizigundua, unazipuuza au unakushusha."

Fundi alitabasamu. "Lakini hayo ni maneno ya baba. Nani kakuelekeza hapa?"

"Ndiyo hayohayo. Mitambo imechelewa tu kumfikia mzee."

Walianza kwa kusafisha. Mheshimiwa alimpigia mjane mwenyewe, akaomba msamaha, na maoni yale yakafutwa. Waliwaandikia wenye tovuti nyingine waondoe linki zile. Waliokaa kimya, Shemeji aliuarifu mtambo usizihesabu linki zao.

Kisha Shemeji akauliza swali gumu: watu wakija kwenye tovuti, watakuta nini? Palikuwa na picha ya kibao na namba ya simu, basi.

Kwa hiyo Fundi alisema na Mheshimiwa akaandika. Jinsi ya kufunga mkanda wa ngozi. Kwa nini uzi hujisokota chini ya kitambaa. Kwa nini mafuta ya kupikia si oili ya mashine, hata yakiwa mbele yako na oili iko dukani. Alipiga picha za mikono ya mama ikifanya kazi.

"Usilazimishe gurudumu," Fundi alisema, kichwa kimeinama juu ya mashine. "Sikiliza kwanza." Kisha akainua kichwa ghafla. Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya baba, na kwa kitambo kidogo hata kreti ilikuwa palepale.

Fundi aliwaandikia wanaomjua kweli: chuo cha ushonaji alichokihudumia, muuza vipuri, chama cha mafundi nguo. Hakuomba sifa. Alisema huu ni mwongozo, ukiwafaa wanafunzi wenu, waelekezeni. Chama hakikujibu. Chuo kiliweka linki ya mwongozo huo kwenye ukurasa wake wa masomo, na muuza vipuri akafuata.

Likizo iliisha bila muujiza. Tovuti ilipanda kama mtu mwenye magoti mabovu. Lakini Mheshimiwa aliporudi mwisho wa mwaka, alilazimika kuingia karakana kiubavu, kwa jinsi cherehani zilivyoziba mlango. Fundi alikuwa ameshawajibu watu wa kiwanda kwamba hana nafasi.

Hatimaye, ili mafundi wengine wajifunze, Mheshimiwa alijitolea kwa moyo mkunjufu kuandika hadithi hii iwekwe kwenye tovuti.

Mama amesimama nyuma ya kiti changu na bisibisi mkononi. Anauliza ni moyo mkunjufu upi huo.

Basi. Ni adhabu. Na Mheshimiwa ni mimi.