Mkanda Usio na Kifuniko

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba hii ni hadithi ya ushujaa. Ndani yake mtawaona wafanyakazi wa kiwanda cha chai, katika milima yetu ya Usambara, wakisimama imara bila kutetemeka mbele ya jambo zito. Isomeni kwa adabu.

Ukweli ni kwamba siku jambo zito lilipofika, wanaume wawili walijifungia chooni, karani mmoja alijifanya ana matatizo ya masikio, na Klara, mama mtu mzima wa watoto wanne, alimwaga sufuria nzima ya uji kwa kutetemeka. Lakini tuanze kabla ya uji.

Klara alizaliwa Rangwi. Aliolewa na Fanueli, na wote wawili walipata kazi katika kiwanda kimoja cha chai huku milimani. Walikaa kambini, katika nyumba ya kiwanda yenye vyumba viwili. Kila asubuhi ukungu ulifunika bonde, king'ora kililia, na watu walishuka wakiwa wamejifunga mashuka kwa baridi. Klara alikaa na akina mama wengine mbele ya meza ndefu, akichambua vijiti kutoka kwenye chai kavu. Fanueli alisimama kwenye mashine ya kusokota majani mabichi.

Mashine ile iliendeshwa na mkanda mpana wa ngozi. Zamani mkanda ulikuwa na kifuniko cha bati. Mkanda ulipochakaa ukawa unachomoka mara kwa mara, na kila ulipochomoka ilibidi bati lifunguliwe kwanza. Kazi ilichelewa. Siku moja Nikodemo, msimamizi, aliling'oa bati lile na kuliegemeza ukutani. Tangu siku hiyo mkanda ulizunguka wazi, na watu waliurudisha kwa mikono mashine ikiwa bado inazunguka polepole.

Wa kwanza kuumia alikuwa Hassani. Mkanda ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwenye kitabu cha ajali iliandikwa kwamba alijikata kwa panga kwa uzembe wake. Hassani mwenyewe alitia alama ya dole gumba, kwa dole alilobaki nalo, akarudi kwao Gare. Fanueli akawekwa mahali pake.

Tangu hapo Klara hakuchambua vijiti kwa raha. Kila mkanda ulipopiga kelele aligeuza shingo. Akina mama walimtania kwamba anamlinda mumewe kama kuku anayelalia mayai. Klara alicheka nao, halafu aligeuza shingo tena.

Alimwomba Fanueli aseme. Fanueli alimjibu kwamba kusema ni rahisi, kupata nyumba nyingine ndiyo kazi. Mtu akifukuzwa kiwandani anatoka na kambini siku hiyohiyo. Wangeenda wapi na watoto wanne? Shamba la baba yake lilikwisha kugawanywa kwa ndugu sita. Kwa hiyo Fanueli alinyamaza, na Klara akanyamaza naye.

Wakati huo ilikuwa miaka michache baada ya Mwongozo wa TANU kutoka. Redioni ilisemwa kila siku kwamba kiongozi asiwe na kiburi na asiwaonee walio chini yake. Nikodemo aliisikia redio ile ile, lakini alikuwa na desturi ya kuizima habari inapofika hapo.

Ndipo Jumatatu moja Nikodemo alipowakusanya wafanyakazi wote. Alisema kuna mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mgeni anafanya utafiti. Atauliza watu sitini namna wanavyofanya kazi, namna wanavyoongozwa, na kama wanafurahi. Nikodemo aliwatazama mmoja mmoja.

"Mtaulizwa, na mtajibu," alisema. "Mimi sina neno zaidi. Mnajua wenyewe."

Hakuna maneno yanayotisha kama hayo. Mtu akiambiwa anachokatazwa, anajua mpaka. Akiambiwa "mnajua wenyewe", anaogopa kila kitu.

Mgeni alikuwa msichana, jina lake Mwanahawa, amevaa viatu vya mjini vilivyokwisha kujaa matope. Alizungusha kapu lenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mtu aliokota kimoja. Kila kikaratasi kilikuwa na nambari, na juu yake maneno machache ya Kiingereza. Klara aliokota nambari ishirini na tatu.

Kabla jua halijazama, uvumi ulikuwa umefika nyumba zote za kambi. Haijulikani ulitoka wapi. Ulisema kwamba nambari ile ni zamu ya kuondolewa kazini. Wa kwanza ataondoka wa kwanza, wa pili wa pili, na maswali ni njia tu ya kupata sababu. Mwenye nambari moja hakula chakula chake. Mwenye nambari sitini alianza kuwapa wenzake pole kwa sauti ya mtu mwenye nafasi.

Mtu angeweza kujiuliza: kama ni zamu ya kufukuzwa, mbona waliokota wenyewe kapuni? Hakuna aliyejiuliza. Hofu haina subira ya kuuliza. Klara alikiweka kikaratasi chake ndani ya kitabu cha sala, na asubuhi yake ndipo alipomwaga uji.

Jumanne aliitwa. Mwanahawa hakukaa ofisini. Alikaa katika chumba cha darasa la kisomo cha watu wazima, mlango wazi, ili watu waone kwamba hakuna mkubwa aliyejificha ndani. Klara alipoingia, Mwanahawa aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Klara alijibu, akakaa kwenye ncha ya benchi.

Aliulizwa kuhusu saa za kazi. Akasema nzuri. Aliulizwa kuhusu mapumziko. Akasema mazuri. Aliulizwa kama akiona hatari kazini anaweza kumwambia msimamizi.

"Hatari hakuna," alisema Klara.

"Na msimamizi akikosea?"

"Hakosei."

Mwanahawa aliweka kalamu chini. "Mama, wewe ni mtu wa tisa tangu asubuhi. Wote tisa mmeniambia hakosei. Mimi nina mama yangu Pangani, nampenda sana, na kwa siku anakosea mara tatu."

Klara alitaka kucheka, lakini mdomo ulikataa. Alichomoa kikaratasi chake na kukiweka mezani. Aliuliza kwa sauti ndogo, huyu ishirini na tatu anaondoka lini.

Mwanahawa hakuelewa kwanza. Alipoelewa, alikigeuza kikaratasi kikamwelekea Klara. Kisha alieleza taratibu. Nambari iko pale ili jina lisiwepo. Yeye mwenyewe hana orodha ya nani aliokota nini. Karatasi za majibu anakwenda nazo Chuo Kikuu, na meneja hataziona. Meneja atapewa hesabu ya jumla tu: kati ya watu sitini, wangapi wamesema hivi na wangapi wamesema vile. Tena mtu ana haki ya kukataa swali, au kurudi kubadili jibu.

"Na hayo majibu yanafaa nini?" Klara aliuliza.

"Tumekwisha kwenda viwanda vingine. Mahali ambapo watu wanamwogopa msimamizi, makosa hayapungui, mama. Yanafichwa. Na kosa lililofichwa linaendelea kufanya kazi yake."

Klara alitazama dirishani. Kutoka pale aliusikia mkanda. Aliuliza swali moja la mwisho, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili.

"Mwanangu, kama nikisema jambo ambalo ni mimi tu niliyelisema?"

Mwanahawa hakumdanganya. "Hapo naweza kushindwa kukuficha. Jambo la mtu mmoja lina sura ya mtu huyo. Likisemwa na wengi, halina sura ya yeyote."

Klara alishukuru, akaondoka bila kusema neno la mkanda.

Jumatano asubuhi, saa nne, mkanda ulichomoka. Fanueli aliinama kuurudisha. Mkono wa koti lake uliingia kati ya mkanda na gurudumu.

Klara aliona mgongo wa mumewe ukivutwa. Aliona bega likielekea kwenye gurudumu. Alisimama lakini miguu haikwenda. Aliye karibu alikimbilia swichi, lakini mashine za chai hazisimami mara moja. Fanueli alijipindua, akatoka ndani ya koti kama ndizi inavyotoka kwenye ganda. Koti lilizunguka mara tatu na kuraruka vipande. Mkono wake ulichubuka kuanzia kiwiko hadi kifundo, na damu ilikuwa ikichuruzika, lakini vidole vilikuwa kumi. Klara alivihesabu kwa macho, akavihesabu tena.

Nikodemo alifika mbio. Alisema kwamba hakuna aliyeona kitu, na kazi iendelee. Klara alitazama mikono ya msimamizi. Ilikuwa inatetemeka kuliko ya Fanueli. Kwa mara ya kwanza alitambua kwamba Nikodemo naye anamwogopa mtu.

Alirudi mezani. Klara alisema na akina mama kwa Kishambaa, bila kuinua kichwa, vidole vikiendelea kuchambua. Aliwaeleza maana ya nambari na maana ya kapu. Wengine hawakuamini. Mmoja wao, Jenoveva, mjane aliyekaa ubavuni pake, alisema kwamba yeye ana watoto na hawezi kuwa wa kwanza.

"Usiwe wa kwanza," Klara alimwambia. "Tukialikana kulima shamba la mtu, tunajipanga mstari mmoja na kushusha majembe pamoja. Jembe likigonga jiwe, nani anajua ni la nani?"

Jenoveva alifikiri. "Mstari wa watu wangapi?"

"Wote wa meza hii. Kila mmoja aseme kwa maneno yake, ila aseme mkanda."

Mchana ule Klara alirudi kwenye darasa la kisomo. Alimwambia Mwanahawa kwamba nambari ishirini na tatu anataka kubadili jibu. Nyuma yake alikuwa Jenoveva. Nyuma ya Jenoveva, akina mama kumi na mmoja. Siku iliyofuata walikuja wanaume, hata wale wawili wa chooni.

Wiki tatu baadaye baraza la wafanyakazi lilikutana, na meneja alikuwepo. Mwanahawa alisoma matokeo. Kati ya watu sitini, hamsini na wawili walisema mkanda hauna kifuniko. Hamsini na watano walisema wanaogopa kumwambia msimamizi jambo baya. Klara alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili.

Meneja alisema hajawahi kuambiwa habari za mkanda.

"Anayeogopwa haambiwi, ndugu meneja," Mwanahawa alisema.

Nikodemo aliinuka. Watu walidhani atauliza majina. Badala yake alitoa mfukoni barua iliyochakaa kwa kukunjwa. Ilikuwa ya onyo, imetoka ofisini kwa meneja. Ilisema kwamba mashine ikichelewa mara nyingine, msimamizi atafute kazi kwingine.

"Bati nililing'oa mimi," alisema Nikodemo. "Na ya Hassani niliandika mimi. Hakujikata."

Meneja alisoma sahihi yake mwenyewe, akavua miwani.

Mkutano uliendelea mpaka njaa ikawashika. Walikubaliana mkanda mpya uagizwe na bati lirudishwe. Mtu yeyote akiona hatari anaweza kusimamisha mashine, na hataandikiwa onyo. Kila Jumamosi msimamizi atakaa na watu wake nusu saa, aulize kilichoharibika, na yeye aseme chake kwanza. Kitabu cha ajali kilisahihishwa. Hassani aliitwa kutoka Gare, akapewa kazi ya kusimamia mizani ya majani.

Leo Fanueli bado yuko kwenye mashine ile. Mashine husimamishwa mara mbili tatu kwa wiki, na chai inayotoka haijapungua. Nikodemo si malaika, lakini Jumamosi anauliza. Klara hageuzi shingo tena kila mara.

Hadithi ilikuwa iishie hapo. Lakini Klara sasa yuko katika darasa la kisomo, na alitaka kuisoma kabla haijapelekwa kwa mwalimu wa kisomo. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, siku nzima ya Jumapili. Kidole kilisimama mahali palipoandikwa kwamba haijulikani uvumi ulitoka wapi.

"Marta," aliniita. "Hapa andika vizuri."

Basi naandika vizuri. Klara ni mama yangu. Jumatatu ile nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, na akina mama waliniletea vikaratasi vyao niwasomee Kiingereza, kwa kuwa kambi nzima ni mimi niliyekuwa nakijua. Kiingereza kile kilikuwa jina la Chuo Kikuu na idara yake, basi. Mimi nilikunja uso kama hakimu, nikawaambia ni zamu ya kufukuzwa. Nilitaka kuona watakavyofanya. Nilicheka Jumatatu, nikacheka Jumanne. Jumatano baba aliletwa nyumbani amefungwa kitambaa, na mama hakuwa amesema neno la mkanda, kwa kuwa hofu niliyoizua mimi ilikuwa imewafunga wenzake midomo na angesema peke yake.