Alama ya Mzinga wa Mithika

Kila asubuhi Ntinyari alipeleka maziwa kwenye gari la maziwa kabla ya kwenda shuleni. Baridi ya Timau haina adabu. Humsalimu mtu kwa kumng'ata vidole. Wiki hiyo hata hakuihisi. Mwalimu Koome alikuwa amewaambia wanafunzi wa darasa la sita watafute habari za mtu wa kwanza wa ukoo wao kuhamia kijijini, shamba la mzungu lilipogawanywa baada ya uhuru. Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku ya wazazi, kila mmoja angesimulia.

Baba wa babu yake, Mzee Mithika, ndiye aliyejenga pale kabla ya wote. Ntinyari alijigamba sana darasani, mpaka jirani yake, Njoka, alipomkata maneno.

"Mzee Mithika alikuja na mzinga wa wizi," alisema. "Babu yangu aliuona. Una alama ya watu wengine. Lisemwalo lipo."

Darasa likacheka. Hakuna mtoto asiyejua kwamba mfuga nyuki huchonga alama ya ukoo wake kwenye mzinga, na kwamba aibu ya mwizi wa mzinga hurithiwa na wajukuu.

Jioni Ntinyari aliingia ghalani. Mzinga wa gogo ulikuwa bado unaning'inia, na kwenye kifuniko chake cha mbao kulikuwa na mistari mitatu na duara. Alama ya ukoo wao ilikuwa mishale miwili. Alitamani kulia. Akachukua panga, akaanza kukwangua. Alikuwa ameharibu ukingo wa duara tu wakati nyanya yake, Kaari, alipomshika mkono.

Nyanya hakumchapa. Alikaa juu ya gunia la viazi, akakiri kwamba yeye aliolewa akaukuta mzinga huo, na tangu hapo aliogopa kuuliza ulitoka wapi.

"Basi tuulize sasa," alisema. "Kama aliiba, tutaurudisha. Lakini hatukwangui."

Siku ya soko walimwonyesha kifuniko muuza asali kutoka Tharaka. Aliitambua alama papo hapo, akawaelekeza kwa Mzee Njagi, kule chini kwenye joto. Jumamosi wakafunga safari.

Mzee Njagi alikipokea kifuniko kwa mikono miwili, akakitazama sana. Ntinyari alitamani ardhi immeze. Kisha mzee akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Baba yangu alimpa Mithika mzinga huu alipohamia kwenye baridi," alisema. "Mwaka wa njaa Mithika alitulisha. Yeye na baba wakala kiapo cha gichiaro, undugu usiovunjika. Ndugu wa gichiaro hanyimwi chakula, wala hadanganywi. Tulidhani mmepotea."

Nyanya alishusha pumzi, akafunika uso kwa leso. Ntinyari naye alihisi mwili mwepesi, kama aliyetuliwa mtungi wa maji kichwani. Lakini kidole cha mzee kilikuwa kimefika kwenye duara.

"Na hapa palikuwaje?"

Angeweza kusingizia panya. Ghala lao lilijaa panya.

"Ni mimi, babu. Niliona aibu, nikataka kuifuta."

Mzee alichomoa kisu, akalichonga upya lile duara, kisha akaagiza wageni waletewe uji na asali.

Ijumaa Ntinyari alisimulia yote, hata habari za panga. Alipomaliza, babu wa Njoka alisimama katikati ya wazazi, kofia mkononi.

"Alama niliiona," alisema polepole. "Kuuliza, sikuuliza. Mnisamehe."

Njoka aliinamisha kichwa. Nyanya Kaari alimpa mzee huyo mkono, na baadaye, wakirudi nyumbani, akamwambia mjukuu wake:

"Alama uliyoionea aibu ndiyo iliyotuonyesha njia. Ungeimaliza siku ile, tungebaki na aibu yetu na ndugu tusingewapata. Jambo la kwenu likikutia hofu, Ntinyari, liulize. Usilifute."