Mabuti ya Mzee Juu

Kwa kamba za viatu, ndiyo. Usicheke. Watu wanadhani polisi humshika mtu kwa mbwa na darubini, kumbe yule Inspekta alianzia kwenye kamba za buti, nyeusi, za kawaida, kama hizo zako. Sasa kaa vizuri nikueleze toka mwanzo, maana nikianzia katikati utapotea, na mimi nitapotea.

Maiti ilikuwa chini ya kreni, ndani ya kiwanda cha kuyeyusha chuma. Saa mbili na nusu asubuhi. Marehemu alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mnene kidogo, mcheshi, kalamu mbili mfukoni siku zote. Kalibu tupu ya chuma, ile ya kumiminia uji wa chuma, uzito wa ng'ombe wanne, iliachia kutoka juu ikamshukia mgongoni. Hakupata hata nafasi ya kugeuka.

Inspekta alifika na koplo mmoja, mwanamke, mama wa mapacha. Inspekta mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, anaongea kidogo kama mwenye jino bovu. Akatazama maiti, akatazama juu, akapanda ngazi mpaka kwenye kreni. Huko akakuta nati ya breki imelegezwa. Haikulegea yenyewe. Imelegezwa kwa spana.

Basi watu wote wakamgeukia fundi wa mitambo. Walimwita Spana, kijana wa miaka thelathini hivi, mdomo haukai. Jana yake alikuwa amegombana na msimamizi mbele ya zamu nzima, kisa ratiba, akamwambia ipo siku kitu kitakuangukia wewe. Maneno ya hasira tu. Lakini mtu anapokufa kesho yake kwa kuangukiwa na kitu, nani atakwambia ni maneno tu? Kabla jua halijasimama kichwani, Spana alikuwa mahabusu. Mkuu wa kituo akasema kesho kutwa asubuhi anafikishwa mahakamani, shtaka la kuua kwa kukusudia. Shtaka lile likikukaa, hutoki.

Mama yake Spana akaja akakaa kwenye benchi la kituo. Hakulia, hakupiga kelele. Kila Inspekta alipopita alimwuliza jambo moja, kama amekwisha kuuliza breki yenyewe.

Kesho yake Inspekta akaita zamu nzima kiwandani. Akawahoji mmoja mmoja ndani ya stoo, koplo akiandika. Wengi hawakuona kitu, walisikia kishindo tu. Inspekta ana tabia moja: mtu akiongea, yeye anatazama miguu yake. Anasema uso wa mtu umezoea kutazamwa, miguu haijazoea.

Na miguu ya watu wale ilikuwa na mambo. Mfinyanzi wa kalibu alikuwa na nundu juu ya mguu, akaruka matundu mawili ili kamba isimbane. Mfagiaji kamba zake zilikuwa ndefu, akazizungusha kifundoni mara tatu kama anayefunga mbuzi. Karani alizificha ncha ndani ya soksi, nadhifu. Mwingine alifunga fundo juu ya fundo mpaka likawa kama ngumi, akasema yeye hufungua Jumamosi tu, mke wake akilalamika. Wote wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka wako msibani.

Lakini watu wa tanuri, wote, walikuwa na mtindo mmoja. Kamba zimelala mlalo, moja juu ya nyingine kama ngazi, hakuna hata moja iliyokatiza.

"Hii mmefundishwa wapi?" Inspekta akauliza.

Mtunza stoo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ndiye aliyejibu. "Uji wa chuma ukikuingia kwenye buti, mkuu, huna muda wa kufungua. Mwenzako anapitisha kisu hapa katikati, mara moja, zote zimekatika. Buti linakwenda, mguu unabaki. Ukizikatiza, kisu kinakwama."

"Kila mtu anafunga hivyo?"

"Kila anayekanyaga upande wa tanuri. Siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa choo, unaonyeshwa hilo."

Wa mwisho kuingia alikuwa mwendesha kreni. Walimwita Mzee Juu, kwa sababu miaka ishirini na sita kazi yake ni huko juu. Mtu wa heshima, mvi, mikono mfukoni. Marehemu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alikaa akajibu taratibu.

"Nilivuta breki, ikakataa."

"Ulimwona chini?"

"Nilimwona."

"Ulichelewa kushuka. Wenzako wanasema walikwisha kuinua ile kalibu, wewe bado uko juu."

"Miguu ilikufa ganzi, afande. Ni shemeji yangu."

Jibu la haki kabisa. Inspekta akatazama mabuti. Kamba zilikuwa zimekatizwa, chini mpaka juu, nadhifu, kama za mtoto anayekwenda shule siku ya kwanza.

"Wewe hufungi kama wenzako."

"Uji wa chuma haupandi juu," akasema Mzee Juu. Nalo jibu la haki.

Alipotoka, koplo akafunga daftari lakini hakuinuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeacha chungu jikoni.

"Afande, yule mzee hajafunga viatu. Amefungwa."

Inspekta akamtazama. Koplo akaeleza kwamba kila asubuhi yeye hufunga viatu vinne vya mapacha, kapiga magoti mbele yao, na fundo la mtu aliyekukabili na fundo la mtu aliyejifunga mwenyewe yanatazamana kama mtu na kioo. Inspekta hakuwahi kusikia jambo kama hilo katika miaka yake yote ya upelelezi. Akainama palepale, akafungua kamba zake, akafunga. Kisha akamfunga koplo buti lake, akiwa amemkabili. Wakaweka miguu sambamba. Kweli bwana. Kwake ncha iliyopita juu ilitokea upande mmoja, kwa koplo ilitokea upande wa pili.

"Labda ni wa mkono wa kushoto," akasema Inspekta, maana hakupenda kukurupuka.

Mtunza stoo akaulizwa. Mzee yule alikuwa hatupi kitu, angeweza hata kukutolea kucha zako za mwaka juzi. Akaingia nyuma ya rafu akarudi na mabuti ya zamani ya Mzee Juu, aliyoyarudisha mwaka jana alipopewa mapya. Yalivuliwa kwa kuvuta kisigino, kwa hiyo mafundo yalikuwa bado yamo. Kamba zimelala mlalo, kama ngazi. Na fundo lilikuwa la mtu aliyejifunga mwenyewe, mkono wa kulia, kama la Inspekta.

"Saini yake ya kupokelea ipo?"

Ipo. Imechorwa vizuri, ina mkia kama wa paka. Koplo akafungua maelezo aliyoyachukua dakika kumi zilizopita. Mzee Juu hakutia saini. Aliomba wino akaweka dole gumba, na koplo alidhani hajui kuandika.

Akaziweka karatasi mbili sambamba mezani.

Saa nane simu ikalia. Alikuwa mtaalamu wa maabara. Alama za vidole kwenye nati hakuna, grisi tupu. Lakini pembeni ya nati kuna mikwaruzo kumi na moja mipya, spana imeteleza na kuteleza. Inspekta akauliza kama fundi mwenye haraka angeteleza hivyo. Mtaalamu akasema mwenye haraka huteleza mara mbili, si kumi na moja. Jambo la pili: wameninginiza mzigo ule ule kwenye breki ile ile, nati ikiwa imelegea vile vile, mara tatu. Imeshika mara tatu.

"Rudia."

"Breki ilikuwa nzima, Inspekta. Nati imelegezwa kwa maonyesho."

Nyumba ya Mzee Juu haikuwa mbali na kiwanda. Msiba ulikuwa hapo, maana mkewe ndiye aliyemlea marehemu toka mama yao alipofariki. Uani kumejaa viti vya kuazima. Masufuria yalikuwa tayari tangu saa sita, yamefunikwa, na dada mkubwa wa mke amesimama na upawa, hajui la kufanya. Mwenye msiba hajala tangu jana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunawa mikono. Watoto walikuwa wanazunguka masufuria kama paka.

Mzee Juu alikuwa sebuleni. Saa tisa alasiri, kwake, amekaa kwenye kochi, na bado amevaa mabuti ya kazi. Inspekta akaliona hilo akalielewa. Nyumba imejaa watu. Akivua, nani angempigia magoti kumfunga tena?

Akaomba waachwe wanne: Mzee, mkewe, koplo na yeye. Koplo akarudisha mlango.

"Mzee wangu, vua mabuti upumzike."

"Nimezoea, afande."

"Fungua kamba."

Mzee Juu akavuta ncha moja, kamba ikaachia. Kufungua si kazi, hata upepo unaweza. Inspekta akavuta kigoda akakaa karibu, kama mgeni wa kawaida.

"Sasa funga."

Mzee akainama. Mikono yote miwili ikatoka mfukoni. Vidole vikashika kamba, vikaikosa, vikaishika tena. Vilikuwa vinatetemeka, si kwa hofu, mtetemeko wa mpigo ule ule, kama mtu anayehesabu noti gizani. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne kamba ikamtoka kabisa ikalala sakafuni. Nje mtoto alikuwa anakohoa.

Mkewe, kwa mazoea tu, akaanza kupiga magoti. Koplo akamshika kiwiko.

"Mwache, mama."

Mama akabaki nusu amesimama. Akaitazama mikono ya mumewe kama haijui, na mikono ile ameifungia vifungo mwaka mzima. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Breki ilikuwa nzima?"

"Nzima, mama."

Mama akakaa kwenye mkono wa kochi, mbali kidogo na mumewe.

"Leva iliruka," Mzee Juu akasema. Alikuwa anaongea na kamba. "Nilikuwa nateremsha. Nikamwona shemeji anapita chini na makaratasi yake, nikataka kushika. Mkono ukaenda wenyewe."

"Na nati?"

"Niliilegeza mimi. Wote walikuwa chini wanamwinulia chuma."

"Ukamtia Spana matatani."

"Sikumfikiria Spana. Nilifikiria breki tu. Nilitaka iwe breki."

"Halafu ukasikia amekamatwa."

"Nikasikia."

"Tangu jana yuko ndani. Mama yake yuko kwenye benchi."

"Kila nikiamka nasema nitakwenda leo. Saa hii nasema nitakwenda kesho."

Inspekta akamwuliza kwa nini hakushuka kreni mapema, mikono ilipoanza. Mzee akafikiri sana, utadhani ni mara ya kwanza kuulizwa. Akaeleza kwamba pale kiwandani kila mtu humtazama kwa kuinua shingo. Huku chini yeye ni mzee mwenye mvi, mwenye watoto wasiomsikiliza, anayeambiwa asogee wapate kupita. Kule juu, akiinua mkono, tani nne zinainuka. Akasema daktari alimwambia ugonjwa hauna dawa ya kuuondoa, kuupunguza tu. Ndipo akamwambia mkewe wawe wanafunga viatu chumbani, mlango umefungwa, mpaka mwaka uishe. Mtindo wa ngazi mama hakuujua. Alifunga alivyozoea kuwafunga watoto.

"Ningeshuka mwisho wa mwaka," akasema. "Nilijiwekea."

Mama ndiye aliyemaliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Mwezi uliopita mdogo wangu aliniuliza. Akasema dada, shemeji mzima? Namwona kama anashikilia leva kwa mikono miwili. Nikamwambia mzima. Nikamwambia aache kumchunguza mkubwa wake." Akatazama kamba iliyolala sakafuni. "Kila asubuhi nilimfunga mimi. Nikampeleka mlangoni mimi."

Koplo aliandika yote. Mzee akasomewa maelezo yake, akaulizwa kama ni sahihi, akasema ni sahihi. Safari hii hakuomba wino. Alichukua kalamu akatia saini mbele yao. Ilitoka kama nyayo za kuku kwenye vumbi, lakini ilikuwa yake.

Inspekta akapiga simu kituoni palepale. Spana atolewe, na mama yake aambiwe sasa hivi, wasingoje makaratasi. Kisha akamwambia Mzee kwamba atakwenda naye, makosa ni mawili: kusababisha kifo kwa uzembe, na kuharibu ushahidi mpaka mwingine akawekwa ndani. Mzee akaitika kwa kichwa, akatazama buti lililofunguka.

Mama hakupiga magoti. Inspekta alingoja, akaona hapigi.

Dada mkubwa akagonga mlango. Alikuwa hajui lolote, alitaka tu kusema chakula kinapoa, watoto wanalia. Akamwuliza mdogo wake atakula au hatakula, maana akikataa tena leo atagawa kwa majirani.

"Nitakula," mama akasema. Halafu akamwuliza Inspekta, bila kumtazama, "Anaweza kula kwanza?"

Inspekta akatazama saa. Akavua kofia.

Wakatoka uani wote wanne. Mzee Juu alitembea kamba zikiburutika. Watu wakasogeza viti, birika la kunawia likazunguka, sahani zikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watoto. Mzee akapewa ya kwake na kijiko. Akajaribu kuila taratibu. Kijiko kikaanza kugonga sahani, kikagonga, kikagonga, mpaka meza ya mbali wakaacha kuongea, na sahani ikawa inatambaa kuelekea ukingoni.

Mama akaketi kando yake. Akanyoosha mkono wa kushoto akaishika sahani isitembee, uso wake ameuelekeza upande wa pili, na kwa mkono wa kulia akaanza kula.