Fowili Iliyobaki Jina Tu

Nina miaka arobaini na sita, mke, watoto watatu, wa kwanza Kioko, na pikapu moja ya kale ambayo siku hizi kuku wanatagia ndani yake. Naishi upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui. Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma haya mtanihukumu. Nihukumuni tu... mimi mwenyewe nilishajihukumu.

Pikapu ile niliinunua kwa mzee mmoja wa Makueni. Alikuwa akitabasamu aliponikabidhi funguo, na mimi mjinga nikadhani ni ukarimu! Umri wa gari hilo na wangu haukupishana sana. Lakini ilikuwa fowili, magurudumu yote manne yanavuta, na kwetu ambako barabara zinakatizwa na mito ya mchanga, mwenye fowili ni mtu. Nikaanza kubeba mbuzi na ndengu kupeleka sokoni. Watu wakaniita Baba Fowili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikavimba kichwa.

Gari la kale halinunuliwi mara moja, jamani. Unalinunua kila wiki! Leo rejeta inavuja, kesho breki hazishiki, kesho kutwa unagundua kwamba chini ya ile rangi mpya chesisi, mifupa yenyewe ya gari, imeliwa na kutu. Spea uagize Nairobi, kisha ungoje. Dizeli nayo ilikuwa ikinywewa kama maji ya kiangazi. Mke wangu, Mwende, aliuza kuku wake nikanunua springi. Hakulalamika hata siku moja.

Kisha gari likaanza kulia kwa mbele. Fundi akaingia chini, akatoka akitikisa kichwa. Shafti ya mbele, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, ilikuwa imekwisha. Akanishauri tuitoe, gari livutwe na magurudumu ya nyuma peke yake, nitairudisha nikijipanga. Sikujipanga. Shafti yenyewe nikaiuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Kilichobaki ni ile gia fupi ya fowili, kando ya gia kubwa. Ukiivuta inaingia vizuri, inalia "kah!", na hakuna kinachotokea.

Sikumwambia mtu yeyote, hata Mwende. Ningeitwa nani sasa? Baba Tuwili? Sokoni niliendelea kujigamba kwamba gari langu halikwami. Nilijua njia za kupita, nikikwepa mchanga mzito, na kwa muda mrefu uongo wangu ulikuwa na bahati.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi ng'ambo ya mto. Macho yalikuwa yakimsumbua, na Mwende akaniomba nikamlete kwetu ili tumpeleke hospitalini. Nilikwenda mchana, jua likiwaka. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu. Nikavuka kwa mwendo wa kasi, nikafika.

Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima na haya kati ya mtu na mkwewe. Mama mkwe hakai bega kwa bega na mume wa binti yake, wala hamgusi. Kwa hiyo alikataa kabisa kukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja na jirani yake, Mama Ndanu, akajifunika leso, akaketi juu ya gunia la mbaazi alizomletea binti yake.

Wakati wa kurudi, katikati ya mto, magurudumu ya nyuma yakaanza kujichimbia. Nikakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Mama Ndanu akashuka asukume, akashindwa, akapanda ukingoni atafute matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Ndipo akapiga kelele.

"Baba Kioko! Maji! Maji yanakuja!"

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sisi kwetu hata wingu hatukuliona. Nikasikia ngurumo kwenye kona ya mto. Nikaruka chini, nikazunguka nyuma, nikamnyooshea mama mkwe mikono.

Akarudi nyuma, akavuta leso.

"Mkwe anibebe? Aibu hiyo nitaipeleka wapi? Weka fowili, mwanangu. Si ulisema hii gari haikwami?"

Wasomaji wenzangu, neno lilikuwa mdomoni mwangu. Haina, Mama. Fowili haina. Angelisikia neno hilo angeshuka! Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini angeshuka, kwa kutambaa ikibidi. Alikaa pale kwa sababu aliniamini.

Nilifanya nini? Nilirudi kwenye usukani, nikavuta ile gia iliyokufa. "Kah!" Nikaigiza... mbele ya mama mzima, mauti yakija mbio! Niliona haya kuonekana mwongo.

Maji yakatupiga ubavuni. Nikatoka kupitia dirishani, nikamkumbatia bila kujali nthoni yoyote, nikaanza kumvuta kuelekea ukingoni. Mama Ndanu alinishika shati. Mimi nilitolewa. Leso ndiyo iliyobaki mkononi mwangu.

Tulimpata kesho yake, mbali, kwenye vichaka.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Sifa! Mchungaji alisimama kaburini akasema mimi ni mkwe wa kweli, niliyevunja hata nthoni ili kuokoa maisha. Watu wakalia. Mwende akanishika mkono mbele ya wote. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, kumbe nilikuwa naficha uso.

Maji yalipopungua, trekta ikavuta pikapu hadi nyumbani. Shemeji yangu akachungulia chini, akauliza shafti ya mbele iko wapi. Nikajibu haraka kwamba ilibebwa na maji. Uongo juu ya uongo... wakanionea huruma.

Lakini Mwende alilishika neno lile. Kila alipokwenda mtoni kuchota maji kwenye visima vya mchanga, alikuwa akitafuta. Sikujua! Aliuliza akina mama wote kama wameona chuma kirefu. Alasiri moja akarudi na mtungi mgongoni na bomba la kutu begani, jasho likimtiririka.

"Nimeipata, Baba Kioko. Tengeneza gari yako, uache kuumia hivi."

Nilipiga magoti pale uani. Nikamwambia yote: fundi, wanunuzi wa vyuma, ile gia.

Aliteremsha bomba polepole, akaniuliza swali moja tu.

"Mama alijua?"

Nikasema hapana. Alikuwa akingoja fowili ivute.

Mwende akaingia ndani akafunga nguo zake. Sasa yuko kwa kaka yake, ng'ambo ya mto, na mimi sijui kama atarudi. Sina kisingizio cha kumfuata nacho. Mto niliomwaminisha mama yake kwamba nitauvuka, siwezi kuukanyaga.

Ndugu yangu unayeendesha gari la kale, sikwambii uliuze. Endesha. Lakini ulichokitoa, sema umekitoa. Kama breki ni mbovu, waambie wanaopanda kabla hawajapanda. Utachekwa, na kicheko hakijawahi kumzamisha mtu.

"Haina, Mama." Maneno mawili tu! Sasa nayasema kila siku, nimekaa ndani ya pikapu hiyo pamoja na kuku, na hakuna wa kushuka.