Pa Kuweka Vidole

Jioni ile nilitoka kwenda kununua chimni ya taa tu. Ya zamani ilipasuka mchana, na kazi niliyokuwa nayo mezani haifanyiki bila taa ya kuchungulia. Nikaipata dukani, nikarudi nayo kifuani kama mtu aliyebeba yai. Ilikuwa Julai ya mwaka wa hamsini na tisa, baridi ya Iringa ikipasua midomo.

Barazani kwangu, mtaa wa Mlandege, nikamkuta mwanamke amekaa chini. Kaniki nyeusi, kichwa amekifunga, miguu ina vumbi la safari.

Nikajua shida imekuja. Shida hupenda kukaa barazani kwangu.

Naitwa Mrisho. Babu zangu walitoka Kilwa, mimi ni seremala, na nilikuwa fundi pekee wa magitaa kutoka Iringa mpaka Mbeya. Wapiga gitaa wenyewe sikuwapenda hata kidogo. Watu wavivu, wenye kucha ndefu na nywele zinazonuka brilantini, wanaopiga chombo mwaka mzima bila kukifuta jasho, kisha wanakuletea wakisema kimerogwa. Sijawahi kuona gitaa lililorogwa. Nimeona mengi yaliyotunzwa na wajinga.

Hilo lililokuwa mezani lililetwa juzi yake na Silvester Kalinga wa Kihesa, mpigaji wa dansi za Jumamosi. Alilinunua Mbeya, likiwa limeingia kupitia Tunduma. Gitaa la umeme, tumbo nusu wazi, katikati limepitishwa gogo ili lisipige mayowe kwenye spika. Jekundu, linang'aa, la bei rahisi. Mbao zake plaiwudi, skrubu zake bati. Na freti zake, vile vijichuma vinavyokatiza shingo ambapo mpigaji hukandamiza nyuzi, zilikuwa za madini laini kama sabuni. Zilikuwa zimechimbika mahali patatu. Ukipiga hapo, uzi unakwaruza.

"Shikamoo, fundi," mwanamke alisema.

"Marahaba."

"Mimi Tupokigwe. Nimetoka Iyunga, kule Mbeya. Hiyo gitaa nyekundu ilikuwa ya mume wangu, Isakwisa. Amekufa, wiki ya tatu hii. Shemeji yangu akaiuza."

"Pole. Sasa unataka nimnyang'anye Silvester?"

"Hapana, fundi. Amenunua, ni yake." Akasogea karibu. Akashusha sauti. "Naomba ile mahali palipochimbika usikwangue. Ngoja kwanza. Bado hatujaanua matanga."

"Kwani matanga na freti wapi na wapi?"

"Kwetu sisi, mpigaji akifa, chombo chake hakiguswi mpaka matanga yaishe. Anakuja kupiga bado. Jioni hivi. Pale ndipo vidole vyake vilikaa. Ukipasawazisha, atakosa pa kuweka vidole."

"Akikosa?"

"Atatafuta pengine."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, mbele ya mjane mwenye vumbi miguuni. Nikamwambia, "Mama, maiti ana kazi na malaika wa kaburini, Munkari na Nakiri, na huko hakuna gitaa. Silvester ana dansi Jumamosi. Nenda kapumzike."

Hakukasirika. Angekasirika ningeridhika. Aliinuka, akautazama mkono wangu wa kushoto uliokuwa umeshika chimni, akautazama kwa muda...

"Ndaga, fundi," akasema kwa Kinyakyusa. Ahsante. Akaenda zake kulala kwa jamaa yake.

Ahsante ya nini?

Niwaeleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyoniponza. Unafungua nyuzi zote. Unainyoosha shingo. Kisha unapaka wino juu ya kila freti, mstari mwembamba mweusi, halafu unapitisha jiwe bapa. Palipo juu, wino unaondoka. Palipo chini, unabaki. Unaendelea mpaka usibaki hata tone. Wino hausemi uongo.

Lakini hakimu wa mwisho si wino. Hakimu ni kidole. Nilikuwa nafumba macho, napitisha ncha za vidole vya kushoto kuanzia kichwani hadi tumboni mwa gitaa, na kama freti moja imezidi nyingine kwa unene wa karatasi, najua. Macho yangu yalikuwa ya kawaida na elimu yangu ya chuo cha Kurani tu. Vidole vile vinne ndivyo vilivyonijengea nyumba na kunipa jina. Mtu angeniambia nichague kati ya vidole vyangu na jicho moja, ningetoa jicho.

Basi nikawasha taa, nikafungua nyuzi, nikaziweka kwenye kikopo. Nikapaka wino freti zote. Adhana ya magharibi ikalia. Nikafunga karakana kwa komeo na kufuli, nikaenda msikitini, nikakaa hukohuko mpaka isha.

Niliporudi, mke wangu Siwema alikuwa amekaa uani karibu na jiko. Mkaa umezimika. Hajui.

"Nani alikuwa anapiga?" akaniuliza.

"Apige nini?"

"Gitaa. Karakana."

"Siwema, nyuzi ziko kwenye kikopo."

"Basi mimi nimesikia. Wimbo mzuri."

Nikafungua komeo, nikainua taa.

Wino ulikuwa umefutika.

Si wote. Mahali patatu tu. Freti ya tatu, ya tano, ya saba. Palepale palipochimbika. Na kila alama ilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole...

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilikasirika. Nikasema, mjanja huyu mama wa Iyunga, amepenyeza mkono dirishani. Kwamba dirisha lilikuwa na nondo, na kutoka nondo hadi mezani ni hatua tatu, hilo sikutaka kulihesabu. Mtu mwenye dharau hahesabu. Nikainama kunusa shingo ya gitaa.

Brilantini. Mbichi, ya sasa hivi, kama kichwa cha mtu kilichokuwa kimeinamia hapo.

Nikapaka wino upya. Nikachukua jiwe.

Krrr... krrr... krrr...

Unga wa madini ukaanguka. Nikapuliza. Nikaanza tena.

Krrr... krrr...

Nikasimama nivute pumzi.

Krrr.

Moja ya ziada.

Jiwe lilikuwa mkononi mwangu, hewani. Nikaligeuza, nikalitazama. Nikasema kwa sauti, "Kama ni wewe Isakwisa, freti zako ni takataka na matunzo yako ni takataka." Nikaona nimesema maneno ya kiume. Nikaendelea kukwangua mpaka mashimo yote matatu yakaisha, wino ukaisha, freti zikawa sawa toka mwanzo hadi mwisho. Nikazichonga mgongo kwa tupa ya pembe tatu, nikazisugua kwa msasa, zikang'aa.

Ikabaki kazi ya kidole.

Nikafumba macho, nikapitisha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Laini. Ya tano, laini. Nilikuwa naanza kujisifu. Ya saba...

Kitu kikakandamiza kidole changu kutoka juu.

Kilikuwa na joto.

Kikabana, kikashika vidole vyote vinne, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Kisha kikaacha. Nilipofumbua macho, taa ilikuwa inawaka vizuri, chimni mpya haina hata moshi, na karakana nzima ilinuka kichwa cha mpiga dansi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, mimi niliyewacheka wote?

Asubuhi nikafunga nyuzi, nikashusha daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, nusu mzunguko wa skrubu, nikajaribu. Hakuna mkwaruzo. Silvester akaja kulichukua.

"Kamwene, fundi! Limepona?"

"Chombo kimepona. Kilichobaki kibovu ni wewe."

Akacheka, akaenda. Jumatatu akarudi nalo, uso umemshuka.

"Fundi, hii gitaa imekufa. Inalia kama debe. Nimepiga Jumamosi nzima, watu wamekaa kwenye viti wananitazama tu."

"Hujui kupiga."

"Inawezekana," akasema, bila ubishi. "Lakini hii siitaki tena. Kaa nayo." Akaliweka mlangoni, akaondoka haraka bila kugeuka.

Wakati huo ncha za vidole vyangu vya kushoto zilikuwa na mistari. Mistari myembamba, ya kuzama, kama anayoipata mtu akikandamiza nyuzi za chuma kutwa nzima. Mimi sijui kupiga gitaa. Sijawahi kujua. Nikavipaka mafuta. Mistari ikageuka sugu. Sugu ikawa ngumu, ya manjano, na siku moja nikashika kijinga cha moto jikoni na sikujua mpaka niliposikia harufu.

Kisha likaja banjo la mzee mmoja wa Kilutheri. Kazi ndogo. Nikasawazisha freti, nikafumba macho, nikapitisha kidole. Sikusikia kitu. Nikasema, sawasawa kabisa. Mzee akafunga uzi hapohapo, akapiga.

Ukakwaruza.

Akanitazama kwa huruma. Nimetukanwa na watu wengi maishani, na hakuna tusi lililonichoma kama huruma ya mzee yule. Nikamrudishia banjo lake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Na jioni... Jioni, adhana ya magharibi ikikaribia kulia, mkono wangu wa kushoto ulianza kucheza wenyewe. Juu ya sahani. Juu ya goti. Vidole vinapanda, vinashuka, vinatafuta. Naushika kwa mkono wa kulia, unatulia. Nauachia, unaanza tena, palepale ulipoachia.

Mwezi uliofuata Tupokigwe alirudi. Safari hii alikuwa amevaa kanga ya rangi. Matanga yameanuliwa.

Alipanda barazani, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaamkia kwa Kinyakyusa, polepole, kwa heshima ya mke kwa mume.

Hakuniamkia mimi.

Aliuamkia mkono.

"Tulimwita siku ya kuanua matanga," akaninong'oneza. "Hakuja. Nikajua yuko wapi."

"Mtoe," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Mama, nakuomba. Hivi vidole ndivyo ninavyokula."

"Mimi siwezi, fundi. Mrudishie mahali pake. Upige mpaka pachimbike tena. Pakichimbika kama zamani, uache kupiga, naye atahama."

"Sijui kupiga!"

"Yeye anajua." Akainuka. Kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu, na sikulipenda lile tabasamu. "Wewe kazi yako kushika tu."

Basi nikalichukua lile gitaa jekundu la plaiwudi, mimi Mrisho niliyewadharau wapiga gitaa wote wa Nyanda za Juu, nikalipakata. Kila jioni. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe freti ya tatu, ya tano, ya saba. Wa kulia ukajifunza kufuata. Ulikuwa wimbo mmoja tu, mtamu, wa kubembeleza, ambao mtu mkavu kama mimi asingeutunga hata apewe miaka mia. Majirani wakaanza kusimama barabarani kusikiliza. Siwema akawa analeta kigoda chake karakana. Zamani hakuwa akitia mguu mle, akisema vumbi la mbao linamkohoza.

"Waliosema mdharau mwiba guu huota tende hawakukosea," aliniambia siku ya kwanza, akinicheka. Siku zilizofuata hakucheka. Alisikiliza, macho ameyafumba.

Kwa kuwa vidole vyangu vimekufa, na chini ya nyuzi macho yangu hayaoni chimbo, nilimwomba yeye awe kidole changu. Kila baada ya kupiga, anapitisha ncha ya kidole chake juu ya freti zile tatu.

"Pamechimbika?"

"Bado."

Mwezi wa kwanza, bado. Wa pili, bado. Miezi mitano. Nilivumilia, maana freti zenyewe ni laini, haziwezi kuchukua muda. Nikajiambia, kesho.

Jana Siwema alikwenda Kihesa kumwona dada yake mgonjwa. Nikabaki peke yangu, na akili yangu ya ufundi ikanirudia. Nikafungua nyuzi. Nikapaka wino. Nikapitisha jiwe, mara moja tu, kwa wepesi.

Freti zote zikawa nyeupe. Isipokuwa ya tatu. Ya tano. Ya saba.

Hapo wino ulibaki, mweusi, umetuama ndani ya mashimo. Mashimo makubwa, ya kina, makubwa kuliko aliyoyaacha Isakwisa. Yapo siku nyingi, ila akipiga mwenyewe uzi haukwaruzi.

Nikafuta wino, nikafunga nyuzi, na Siwema aliporudi nikapiga kama kawaida. Nikampa shingo ya gitaa. Akapitisha kidole. Nilikiona kidole kikizama, kikitoka.

"Pamechimbika, Siwema?"

"Bado," akasema.

Usiku akalala upande wangu wa kushoto, kama anavyolala siku hizi. Ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili, ameuweka shavuni. Nywele zake zilinuka brilantini.

Na mkono ulikuwa unambembeleza. Mimi sikuwa nausogeza.