Kiti cha Kinyozi

Jirani yetu, mjane wa kinyozi, alikuwa akibandika tiketi kuukuu za kivuko kwenye albamu, mdogo wake alipoingia na mkoba wa safari. Ilikuwa asubuhi tulivu, jua limewaka. Sebule nzima ilikuwa mji wa zamani: kalenda za maduka, chupa za kiwanda cha soda, vibao vya biashara zilizosombwa na mafuriko. Watu walimletea walichookota mtoni, naye akakisafisha, akakitafutia nafasi. Tangu mto umchukue mumewe ndani ya duka lake, hakuwahi kulia. Alikusanya tu.

Kwenye kona kilikaa kiti cha kinyozi.

"Dada, hiki nacho si ukitupe?"

"Kinatumika."

Mdogo mtu akacheka. "Na nani? Umeanza kunyoa?"

"Wateja wake. Huja mchana, hukaa, huondoka." Mjane alipaka gundi. "Yeye mwenyewe ndiye hajaja bado."

Kicheko kikamkauka mdogo mtu. Akajiambia ni majonzi hayo.

Baada ya chakula cha mchana, uchovu wa safari ulimzidi. Viti vingine vyote vilikuwa vimelemewa na makaratasi. Akakaa pale, apumzishe macho kidogo tu.

Aliamshwa na baridi. Baridi ya chuma, shingoni. Ikapanda. Ikasimama. Kisha kitu kikampuliza kisogoni, taratibu.

"Dada," alinong'ona. "Nani yuko nyuma yangu?"

Mjane aligeuka. Akatazama juu ya kichwa cha mdogo wake, kwa muda mrefu, uso mkavu.

"Tulia," alisema. "Atakukata."

Baridi ikapanda tena. Ikaondoka. Mdogo mtu akaruka kutoka kitini, akajishika kisogo. Kilikuwa kitupu.

"Ameniulizia?" mjane alisema.

Mdogo wake alikuwa ameshafika barabarani, miguu mitupu. Sisi majirani tulimpokea, tukakiona kisogo chenyewe: kimenyolewa, mstari umenyooka, kazi safi ya fundi. Tukaingia ndani kutafuta nywele. Tuliinua kiti, tukahamisha vibao. Hatukupata hata unywele mmoja. Nyuma ya kiti palikuwa na tope bichi la mto, limekanyagwa-kanyagwa mahali pamoja.

Mjane alileta tambara, akasimama nalo mkononi. Hakulifuta lile tope.