Chumvi Katika Kijito cha Tansy

Kitu cha kwanza alichokiona Noreen ni mabuti.

Dwight Farnham alikuwa amesimama kijitoni, mgongo wake umeelekea mkondo unakotoka. Chupa ya kupimia ilikuwa mbele yake, upande wa chini. Matope aliyoyatibua kwa miguu yaliingia moja kwa moja ndani ya chupa.

Noreen alimtazama.

Dwight alikuwa amewaambia kwamba huko New Hampshire alipima mito kwa miaka. Lakini kila mpimaji, hata aliyejiunga jana, hufundishwa jambo moja kabla hajalowa: uso kwenye mkondo, chupa mbele, miguu nyuma.

Huyu hakuwa mpimaji.

"Unanitazama nini, bubu?" Dwight alicheka. "Nimeota mkia?"

"Natazama visubi. Wamekujaa shingoni."

Dwight alijipiga kofi shingoni, akatukana.

Kundi zima la wapimaji wa kujitolea lilimjua Noreen Thibodeau kama fundi wa mashine za kufua, mwanamke asiye na maneno. Hawakujua kuhusu Glock iliyolala chini ya koti lake la mvua. Hawakujua kuhusu redio ya pili, Motorola ndogo, ndani ya mfuko wa mgongoni. Majira hayo ya kuchipua, vitoto vya samaki aina ya mkunga vilikuwa vinaibwa katika mito ya pwani ya Maine. Vyembamba kama tambi, mwili kama kioo, na kilo moja ng'ambo ilinunua gari. Noreen alikuwa askari kanzu, na alitumwa kumtafuta anayeviiba.

Darajani, Bi Verna Crowley alikuwa anagawa chupa na maandazi. Alistaafu posta zamani, lakini bado aligawa kila kitu kana kwamba kimebandikwa stempu.

"Dwight, mwanangu," alisema, "namba zako za Kijito cha Tansy ni nzuri mno."

"Kijito kisafi, bibi. Mshukuru Mungu."

"Kila wiki namba ile ile! Hata maji ya dukani hubadilika."

"Labda kipimo changu kinanipenda."

"Basi kioe, umeshapata mchumba," alisema Bi Verna, na wenzake wakacheka. "Mungu nitamshukuru nikishapima mwenyewe."

Akachukua kipimo chake cha chumvi, kifupi kama kalamu nene, akaanza kupanda kufuata kijito. Peke yake. Akipiga mluzi.

Dwight alimsindikiza kwa macho mpaka miti ikammeza. Kisha akaenda kwenye gari lake. Hakukimbia.

"Nimesahau betri nyumbani," alisema.

Gari halikuelekea nyumbani.

Noreen aliingia vichakani, akatoa Motorola, akamwita mkuu wake kwa jina la siri.

"Bundi, hapa Kware."

"Sema, Kware."

"Mtu wao ni Dwight Farnham. Maficho yao yako juu ya Kijito cha Tansy."

"Wapi hasa?"

"Sijui bado."

"Haina shida. Mnunuzi ametua asubuhi. Mzigo unatoka leo. Tumefunga barabara kuu, tutawakamata huko wote pamoja. Usisogee."

"Kuna raia anaelekea kwao. Mama mtu mzima."

"Atachoka, atarudi."

Noreen alimfahamu Bi Verna. Hajawahi kurudi bila namba.

Hapo hapo redio ya kundi ililia kiunoni.

"Noreen, mwanangu, hapa kuna chumvi! Chumvi katikati ya msitu! Nani anachemsha maharagwe huku?" Bi Verna alihema, akacheka. Kisha sauti yake ikabadilika. "Wewe Dwight, unafanya nini na hiyo..."

Redio ikakatika.

"Kware," ilisema Motorola. "Nimekuambia usisogee."

Noreen aliizima.

Alikimbia ndani ya maji, mahali ambapo vichaka havikumzuia. Mawe yalikuwa yanateleza. Visubi walimwingia machoni.

Kijito kiligawanyika.

Alichomeka kipimo chake kushoto. Thelathini. Akachomeka kulia. Mia mbili.

Kulia.

Sasa alielewa. Samaki wakibanana tangini huchanganyikiwa, na chumvi kidogo huwatuliza. Lakini maji ya tangi lazima yamwagwe mahali fulani. Dwight alijiunga na kundi ili alinde mahali hapo, na aandike namba za uongo kila wiki.

Kijito kiligawanyika tena. Kulia, arobaini. Kushoto, mia sita.

Kushoto.

Kwenye kina cha goti alikuta kipimo cha Bi Verna kimelala chini ya maji. Bado kilikuwa kinawaka. Bado kilikuwa kinasoma.

Noreen alikitia mfukoni, akachomoa Glock.

Ghala lilikuwa nyuma ya misonobari. Mabati yenye kutu. Jenereta linanguruma. Ford nyeupe ya mizigo, milango ya nyuma wazi. Bomba jeusi lilitoka chini ya ukuta na kutema maji kijitoni.

Ndani watu walikuwa wanazungumza.

"Chumvi yote hii, na bado hamna ladha!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Verna.

Noreen alifumba macho kidogo. Yu hai.

"Kaa kimya, bibi," alisema Dwight.

"Nilikaa kimya posta maisha yangu yote. Imetosha."

Sauti ya tatu ilikuwa ya taratibu, ya mgeni. "Huyu ameiona sura yangu. Mimi sisafiri nikiacha shahidi nyuma. Kuna bwawa hapo chini. Mtu mzima anateleza, anazama. Nani atauliza?"

"Tulikubaliana samaki tu," alisema Dwight.

"Basi mpeleke wewe. Au nimpeleke mimi."

Hakukuwa na muda wa kungoja barabara kuu.

Noreen alibonyeza kitufe cha redio ya kundi mara moja, bila kusema. Nyuma ya mlango, upande wa kushoto, kitu kilikwaruza. Redio ya Dwight.

Akaisogeza mdomoni.

"Dwight," alisema polepole, "umesahau kupima joto la maji."

"Nani..."

Noreen aliupiga mlango teke.

Mlango ulimpata Dwight usoni. Alianguka kama gunia na hakuinuka.

Bi Verna alikuwa amefungwa mikono. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, koti la sufu, viatu vinavyong'aa. Kisu cha kupasulia samaki kilikuwa kwenye shingo ya Bi Verna.

"Tupa bastola," alisema mnunuzi.

Noreen hakuwa na pa kupiga. Kichwa cha Bi Verna kilikuwa mbele ya moyo wa yule mtu.

Kati yao lilikuwepo tangi la buluu. Ndani yake vitoto vya mkunga vilizunguka kwa maelfu, vyote kioo, kila kimoja na nukta mbili nyeusi za macho. Katikati ya tangi lilisimama bomba. Bomba hilo likitoka, tundu linafunguka. Tundu likifunguka, kila kitu kinakwenda kijitoni.

Noreen aliinamisha bastola taratibu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalishika bomba.

Uso wa mnunuzi ulibadilika rangi.

"Usithubutu."

"Mwachie."

"Unajua hao ni thamani gani?"

"Mwachie, au narudisha samaki kwao."

"Ling'oe, mwanangu!" alipaza sauti Bi Verna. "Usimwombe mtu huyu!"

Noreen aliling'oa.

Maji yalifyonzwa kwa mngurumo. Vitoto vya mkunga viligeuka kuwa kamba moja ya fedha, kamba ikazama tunduni.

Mnunuzi alikuwa na sekunde ya kuchagua. Akachagua samaki. Alimsukuma Bi Verna, akajirusha tangini na viatu vyake vyote, mikono miwili ikitafuta tundu la kuziba.

Aliponyanyua kichwa, mdomo wa Glock ulikuwa kwenye paji lake.

"Baki hivyo hivyo," alisema Noreen. "Unapendeza."

Noreen aliiwasha Motorola, akawaelekeza. Bundi na watu wake walifika kwa magari manne, wamekasirika. Hasira ikapoa walipomwona mnunuzi amefungwa pingu, amelowa, na Dwight pembeni yake anashikilia pua. Nje, bomba jeusi lilikuwa limenyamaza. Vitoto vya mwisho vilikuwa vinapotea chini ya mawe.

Bi Verna alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikataa blanketi.

"Kumbe hutengenezi mashine za kufua," alisema.

"Hapana."

"Yangu uliiharibu kabisa."

"Najua."

Bi Verna hakucheka. Alisugua vifundo vyake vilivyochubuka. "Kwa hiyo Jumamosi zote zile. Kijitoni, na maharagwe mezani kwangu jioni. Yote ilikuwa kazi."

Noreen alimrudishia kipimo chake.

Alifunga koti. Akapita katikati ya askari, mabuti yakilia maji, akapanda Toyota yake, akawasha injini. Hakugeuka nyuma.

Kwenye lango la msitu alishika breki. Akachukua redio ya kundi.

"Bi Verna."

"Nakusikia."

"Amri ilikuwa ya Jumamosi moja kwa mwezi," alisema Noreen. "Nyingine zote nilikuja mwenyewe."